Yeshihareg, Aliyekataa Kupelekewa Habari za Msiba

Ndugu, jamaa na majirani mliofika katika uwanja wa kanisa hili, familia ya mzee Ambaw inawaomba mketi, walio juani wasogee hemani, ili tuwasomee maisha ya dada yetu, shangazi yetu na mama yake Hirut, Yeshihareg Ambaw, tunayemzika leo hapa Adama, tarehe 11 Februari 2024, tukiwa wachache kuliko alivyostahili, na sababu ya uchache huo imo ndani ya maisha yenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1964 katika mji wa Haik, Wollo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ambaw Yimer na mama Tiruwork, akasoma shule ya msingi hapo hapo Haik, kisha sekondari mjini Dessie, ambako alimaliza mwaka 1983, na baada ya hapo akajifunza ushonaji kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa akifumua kazi yake yote kila ilipopinda, jambo ambalo marehemu alilisimulia mpaka uzeeni bila kumsamehe.

Tarehe 24 Januari 1988 alifunga ndoa na Shiferaw Lemma, dereva wa malori, mtu mpole na mcheshi, wakahamia hapa Adama, na tarehe 22 Septemba 1991 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Hirut, ambaye yuko hapa mbele yetu. Shiferaw alifariki kwa ajali katika barabara ya Awash tarehe 6 Juni 1999, na tangu hapo marehemu hakuolewa tena, ingawa wachumba walikuja, na mmoja wao alikuja mara tatu akaondoka mara tatu.

Mwezi Januari 2003 aliajiriwa kufundisha ushonaji katika nyumba inayowapokea wanawake na watoto waliokimbia vipigo majumbani mwao, nyumba ambayo haina kibao mlangoni na ambayo hata leo hatutataja mtaa wake, na baada ya miaka miwili akafanywa mlezi mkuu, mwenye kuwapokea waliofika bila viatu, kuwapeleka kwa daktari na kwa mwanasheria, kuwatafutia watoto shule, na kulala humo humo siku sita za wiki. Hirut alilelewa kwa mjomba wake Ayalew, akimwona mama yake Jumapili tu, na akiwa msichana wa miaka kumi na mitatu alimwambia mbele yetu sote, "Watoto wa watu unalala nao, mimi unanilaza kwa mjomba," na marehemu akaendelea kumsuka nywele.

Tarehe 17 Machi 2008 mzee Ambaw alifariki huko Haik, na kwa kuwa kwetu mtu hapigiwi simu kuambiwa kwamba baba yake amekufa, bali hufuatwa mlangoni alfajiri na kundi la watu wa kumshika asianguke, wanachama wa chama cha kuzikana cha mtaa wake walikusanyika wakaenda kumtafuta, wakakuta chumba chake kimefungwa, wakauliza huku, wakauliza kule, kwa moyo mweupe kabisa, mpaka muuza mkaa mmoja akawaonyesha geti la nyumba ile isiyo na kibao. Walilia pale kwa sauti, kama inavyotakiwa, na mtaa mzima ukatoka kutazama, na miongoni mwa waliolia alikuwamo mama mmoja ambaye mke wa mpwa wake alikuwa amejificha ndani ya nyumba hiyo bila yeye kujua, na mama huyo aliporudi kwake alisimulia alichokiona kama mtu yeyote anavyosimulia msiba.

Siku ya tatu mpwa huyo aliruka ukuta akiwa na kisu, akamkata mkewe mkono kabla mlinzi hajamkamata, na mchana huo huo nyumba ikahamishwa. Marehemu alimlilia baba yake huku akifunga magodoro kwa kamba, na hakupata siku hata moja ya kukaa chini akapokea pole.

Baada ya hapo alikwenda kwa mzee Worku, mwenyekiti wa chama, akaomba jina lake liondolewe, na mzee Worku, ambaye naye tuko naye hapa, akamwambia, "Mama Hirut, ukijitoa leo, siku ukifa tutakuzikaje?" Naye akajibu, "Nitakuwa nimeshakufa, mzee wangu, sitawasumbua kwa maswali." Kwa kaka yake Ayalew alikuja na agizo moja, kwamba kuanzia siku hiyo, hata afe nani, yeye asifuatwe na mtu, na Ayalew alilia, akabembeleza, mwishowe akakubali.

Mama Tiruwork, ambaye alikuwa akiishi kwa Ayalew, alifariki tarehe 8 Oktoba 2013, siku ya Jumanne, akazikwa kesho yake, na agizo likafuatwa. Jumapili marehemu alifika kama kawaida, amebeba kahawa mbichi aliyomnunulia mama yake, akatukuta tumevaa nyeusi na wanaume hawajanyoa, akaketi, akamiminiwa kahawa, akainywa yote, ndipo akauliza, "Siku gani?" Sisi tuliokuwapo tulisikia uchungu, na hatuoni haya kusema kwamba tulimkasirikia pia, kwa sababu alikuwa ametunyima nafasi ya kumshika.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2021, akatibiwa hapa Adama, akilala wodini bila msururu wa wageni walioonekana kwenye vitanda vya wenzake, mpaka tarehe 9 Februari 2024 saa kumi alasiri, alipofariki akiwa ameshikwa mkono na Hirut.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, tunawashukuru majirani wa Ayalew kwa chakula, tunakishukuru chama cha kuzikana cha mzee Worku, ambacho marehemu hakuwa mwanachama wake kwa miaka kumi na sita na bado kimeleta hema, viti na watu wa kuchimba kaburi, na tunawashukuru wafanyakazi wenzake waliofika, ambao wametuomba tusisome majina yao.

Wapo wengine tusioweza kuwashukuru, wanawake na watoto waliopita mikononi mwake, waliokuja kuanza maisha kwingine, wengine labda humu humu mjini, ambao kanuni ya nyumba ile iliwataka wakikutana naye njiani wapishane kama watu wasiojuana. Hatujui wanakaa wapi, na kwa hiyo hakuna atakayebisha hodi kwao alfajiri kuwaambia. Wataendelea kumtafuta kwa macho sokoni, na wasipomwona watadhani amewaona yeye kwanza, akapita upande wa pili kwa ajili yao.

Yeshihareg, mama Hirut, lala sasa, upumzike kwa amani.