Jerikeni Niliyoiandika Uji

Bwana asifiwe. Na wale wa benchi la nyuma, ngojeni nimalize ndio mcheke.

Mimi ni Nafula, kidato cha tatu. Kwetu ni Myanga, lakini likizo nakaa Kitale kwa senge, dada ya baba, ambaye anatunza ukumbi huu wa jamii hapa Kipsongo. Mnanijua kwa utundu. Ndimi niliyemvisha mbuzi wa pasta joho la kwaya. Mambo ya pombe hamkuyajua.

Ndugu zangu, nilikuwa nakunywa busaa, ile pombe ya unga, nzito kama uji. Nilianza kwa mzaha kwenye arusi kule Kabuchai, nikaipenda kwa vile ilifanya dunia iwe laini. Mabati yanaimba, ukuta unapumua, Mlima Elgon unasogea polepole unakaa karibu na wewe. Nikawa naificha jikoni mwa ukumbi, ndani ya jerikeni nyeupe niliyoiandika UJI. Si zinafanana? Nilijiona mwerevu, bana.

Na pale mlangoni senge amebandika leseni. Ukumbi ni wa arusi, mikutano na ibada. Pombe hapana, mpaka iwe na leseni yake. Ikipatikana, ukumbi unafungwa. Senge huipanguza vumbi kila asubuhi kama picha ya marehemu.

Ikafika sherehe ya watoto wa chekechea. Mimi nilikuwa nimeshapitia jikoni. Nikakaa dirishani nikielea, watoto wanaimba kama wako chini ya maji. Mbele ameketi afisa wa leseni, amekuja kuona kama tutaongezwa mwaka mwingine. Halafu mama mmoja wa jikoni akatoka na jerikeni nyeupe. Akajaza kikombe, akampa mdogo wangu Wafula, anayesoma chekechea hapa kwa senge.

Nilitaka kupiga kelele, sauti ikakataa. Miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Nikaomba moyoni, Mungu, nirudishie miguu tu, hayo mengine baki nayo kwanza. Ndugu zangu, ilirudi! Nikavuka ukumbi, nikakipiga kofi kile kikombe kikiwa karibu na mdomo wa mtoto. Kikamwagikia viatu vya afisa.

Afisa akainama, akanusa.

"Nani ameleta hii?"

Senge akaniangalia machoni, akaelewa yote.

"Ni mimi," akasema. "Ukumbi ni wangu kutunza."

Ningenyamaza, ingeisha hapo. Lakini ile dunia laini ilikuwa imepasuka, nikasimama mbele ya senge.

"Senge, acha. Ni yangu. Yeye hakujua."

Mzee mmoja akanong'ona, "Si ni huyu wa mbuzi?"

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Ukumbi ukafungwa mwezi mzima, mkaabudu nje kwa jua kwa sababu yangu, na bado mliniwekea nafasi kivulini. Leseni iliporudi ilikuja na sharti: kila chombo kinuswe mlangoni. Senge akasema kazi hiyo ina mwenyewe, akanionyesha mimi.

Tangu hapo sijaonja. Asubuhi nyingine, ukungu ukiinuka, mlima bado unanisogelea, na sijanywa kitu. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Kama kuna mwenzangu hapa mwenye jerikeni aliyoipa jina lingine, ailete tu mlangoni. Sitamuuliza kitu. Nitanusa, halafu tutaenda nyuma ya choo, sisi wawili, tuimwage tukiomba.