Kosa la Ukurasa wa Nne: Bi Janice Birtwistle Aaga Kazi

Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, saa kumi na moja jioni, Bi Janice Birtwistle atarudisha kitambulisho chake kwenye dirisha la mapokezi na kutoka katika ofisi yetu ya probesheni hapa Hebbleworth, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita na nusu. Aliingia Septemba 1989 akiwa na mwavuli, taipureta yake mwenyewe, na viatu vya rangi mbili: kimoja cheusi, kingine cha buluu iliyokolea. Aligundua saa sita mchana, akanyamaza, na siri hiyo hakuitoa hadi mwaka 2004.

Kwa wale wa idara nyingine mnaomfahamu kwa biskuti zake tu, kazi yake ni hii. Mtu akikiri kosa au akipatikana na hatia, na jaji akawa anafikiria jela, jaji huomba ripoti. Afisa wa probesheni huketi na mtu huyo, akamuuliza alichofanya na kwa nini, anaishi na nani, anatumia nini, anaogopa nini. Kisha huandika kurasa tano au sita, na mwishoni hupendekeza adhabu. Jaji halazimiki kuifuata ripoti hiyo, lakini huisoma. Bi Janice ameandika zaidi ya elfu nne.

Mojawapo, ya mwaka 1996, haijasahaulika. Alikwenda kumhoji mtu nyumbani kwake, na mbwa wa nyumba akala karatasi aliyokuwa anaandikia. Badala ya kuunga kwa kubahatisha, aliandika kwenye ripoti: "Majibu ya maswali ya sita hadi ya tisa yameliwa na mbwa. Nimerudi Jumanne kuyauliza upya." Jaji aliisoma sentensi hiyo mbele ya watu wote kwa sauti ya msibani, akauliza kama mbwa naye ana wakili.

Ni yeye pia aliyetupatia chumba cha mahojiano pale mahakamani. Kwa miaka kumi na moja watu walieleza mambo yao ya aibu kabisa kwenye ushoroba, kando ya mashine ya chai, huku kila apitaye akigonga mashine ile kwa ngumi ili imrudishie kikombe chake. Bi Janice aliandika barua arobaini na mbili. Chumba kilichopatikana kilikuwa stoo ya mifagio. Alikipaka rangi mwenyewe, Jumamosi.

Wenzangu waliponiomba niandike wasifu huu, nilimwomba ruhusa nisimulie jambo moja zaidi. Akasema, "Lisimulie, Nasreen, lakini usinipambe." Wengine wawili waliohusika nao wamekubali. Nimewapa majina mengine.

Ilikuwa Novemba 2013. Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi hii, baada ya miaka kumi na miwili ya ualimu, na meza yangu ilitazamana na yake. Kijana wa miaka ishirini na miwili, Declan Tunstall, mwoka mikate, alikuwa ameingia mchana kweupe katika nyumba ya Bi Edna Critchley, mjane wa miaka sabini na mmoja. Alikuwa mraibu wa vidonge vya maumivu, na alisikia kwamba marehemu mume wa Bi Edna aliacha dawa kali kabatini. Bi Edna alirudi kutoka sokoni mapema, wakakutana kwenye ngazi. Declan alimsukuma ili apite. Mama yule akaanguka, kifundo cha mkono wake kikavunjika. Siku hiyohiyo polisi walimkamata, naye akakiri kila kitu.

Bi Janice alimhoji kwa dakika arobaini. Alipotaja ule mkono uliovunjika, Declan alicheka. Alipoutaja tena, akacheka tena. Bi Janice aliporudi ofisini aliandika, ukurasa wa nne: "Hana majuto. Maumivu ya mama huyu kwake ni kichekesho." Akapendekeza jela. Niliisoma ripoti ile kabla haijapelekwa, nikaona imeandikwa vizuri kuliko chochote ambacho ningeweza kuandika.

Asubuhi ya hukumu, saa tatu, simu yake ililia. Alikuwa Bwana Sugden, mwenye tanuri alilofanyia kazi Declan. Bi Janice alimwachia ujumbe siku tano nyuma, akitaka tu kujua kama kijana anafika kazini kwa wakati.

"Samahani, mama, tulikuwa na mikate ya harusi," alisema Bwana Sugden, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kutoka mezani kwangu. "Declan? Anafika. Ila umwonye asicheke mbele ya jaji."

"Kwa nini umesema hivyo?" Bi Janice aliuliza.

"Kwa sababu atacheka! Mashine ya kukandia ilipomkata mwenzetu kidole, huyo kijana alikifunga kile kidonda huku anacheka kama mwendawazimu. Alipomaliza akaenda stoo ya unga, akatapika. Ukimwona anacheka, ujue ameshikwa na hofu."

Bi Janice alimshukuru, akaweka simu chini. Kisha akachukua koti.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mahakamani. Ukurasa wa nne si kweli. Au labda ni kweli, lakini mimi sijui kama ni kweli, na nimeandika kama mtu anayejua."

"Si umpigie wakili wake?"

"Wakili wake hakuandika."

Tulifika saa nne na dakika ishirini, tumelowa. Kesi ilikuwa ya kwanza. Declan alikuwa kizimbani katika suti ya mtu mnene kuliko yeye. Nyuma kabisa alikaa Bi Edna, mkono ukiwa kwenye plasta, na kichwani amevaa kofia ya sufi aliyokuwa ameifuma mwenyewe kabla ya kuvunjika. Bi Janice aliwanong'oneza mawakili wa pande zote mbili, nao wakatazamana. Kisha akasimama.

"Mheshimiwa, ripoti yangu ina kosa katika ukurasa wa nne."

Jaji Ormerod, mtu mkavu asiyependa kupotezewa asubuhi, alifunua karatasi. "Kosa la uchapaji, Bi Birtwistle?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nimemhukumu mtu kabla yako. Naomba muda wa kumhoji upya."

Nilitamani nijifiche nyuma ya faili. Jaji alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Miaka yote niliyokaa hapa sijawahi kuombwa hilo," alisema. "Nakupa wiki tatu."

Tulipotoka nje, Bi Edna alikuwa ameketi kwenye benchi la ushorobani. Alikuja kwa mabasi mawili. Kuzungumza naye haikuwa kazi ya meza yetu. Wapo wanaowahudumia walioumizwa. Bi Janice alikwenda akaketi kando yake.

"Kwa hiyo sasa mnamtafutia huruma," alisema Bi Edna bila kumtazama.

"Hapana, mama."

"Mimi niliposukumwa hakuna aliyeahirisha."

Bi Janice alisema, "Niliandika kwamba hana majuto. Sina hakika. Nitarudi nikamsikilize."

"Na akiwa hana kweli?"

"Nitaandika hana."

Bi Edna alimtazama kwa mara ya kwanza. "Basi kaandike vizuri," alisema, "maana mimi siji hapa tena."

Mahojiano ya pili yalifanyika katika ile stoo ya mifagio iliyopakwa rangi. Nilikuwapo. Bi Janice aliweka kalamu mfukoni na kumwomba Declan aanzie kwenye ngazi. Declan akacheka. Bi Janice akangoja. Akacheka tena, kicheko kikavu, macho yakiwa hayacheki, na Bi Janice akaendelea kungoja kwa muda mrefu hivi kwamba nilianza kuhesabu vigae vya sakafu.

"Niliusikia," Declan akasema hatimaye. "Ule mfupa. Sasa kazini mtu akivunja mkate mkavu, natoka nje."

"Unatoka unakwenda wapi?"

"Popote. Uani." Akacheka, na safari hii ilimbidi aishike meza. "Mkono wake umepona?"

"Bado."

Ripoti ya pili haikuwa na neno majuto hata mara moja. Ilisema alicheka mara tatu, na mara ya tatu ilimbidi aishike meza. Ilisema alichoeleza Bwana Sugden. Ilisema pia kwamba aliuliza habari za mkono mwisho kabisa, si mwanzo. Mwishoni ilipendekeza kifungo cha nje, yaani kifungo kiandikwe lakini mtu arudi kwao kwa masharti: tiba ya uraibu, saa mia mbili za kazi bila malipo, na akikosea milango ya jela imfungukie.

Siku ya hukumu Bi Edna alikuja, ingawa alikuwa amesema haji. Jaji Ormerod alizungumza taratibu, akimweleza Declan kila hatua kama mtu anayemwonyesha mgeni njia. Kuvamia nyumba ya mtu na kumvunja mkono ni kosa zito kiasi kwamba faini au kazi ya jamii haitoshi. Kizingiti cha jela kimevukwa.

"Nitakuwa mkweli," alisema. "Siku ile ya kwanza nilikuwa na miaka minne kichwani. Leo, kwa niliyoyasoma, naanzia mitatu. Ulikiri mapema, kwa hiyo theluthi inaondoka. Imebaki miwili."

Nilimshika Bi Janice mkono. Kwa sheria yetu, kifungo kisichozidi miaka miwili kinaweza kuwa cha nje.

"Sasa swali ni kama uende leo," jaji aliendelea. "Bi Critchley alikuwa ndani ya nyumba yake, kwenye ngazi zake. Nimepima. Utakwenda leo."

Declan akacheka. Askari wa kizimbani alimgeukia kwa ukali, na jaji akainua kiganja. "Mwache," alisema. "Tunajua hicho ni nini. Mteremsheni."

Kwenye ngazi za nje nilishindwa kujizuia. "Yote hayo," nikamwambia, "na bado ameenda!"

"Ameenda kwa alichofanya," alisema Bi Janice, akifungua mwavuli. "Wiki tatu nyuma angeenda kwa nilichodhani."

Wengi hawajui kwamba ripoti humfuata mtu hadi gerezani. Husomwa na wanaompangia chumba, wanaomtibu, na wanaoamua mambo yake baadaye. Ukurasa wa nne wa zamani ungemtangulia Declan katika kila mlango. Ule mpya ulimfikisha kwenye tiba katika mwezi wa pili wa kifungo.

Miezi minane baadaye Bi Edna alipiga simu ofisini. Alitaka kumwona kijana yule, ana kwa ana. Mambo hayo yana watu wake na taratibu zake, na zote zilifuatwa. Ila mama aliomba Bi Janice awepo. Walikutana katika chumba cha gereza chenye viti vya plastiki. Declan aliingia, akamwona, akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Bi Edna aliweka mkoba wake sakafuni. "Cheka tu, mwanangu," alisema. "Ukimaliza nitakueleza kuhusu mkono wangu."

Kijana alimaliza. Bi Edna akamweleza. Alimweleza kwamba hawezi tena kushika sindano za kufumia, kwamba ngazi zake mwenyewe anazipanda kwa kutazama nyuma. Declan alisikiliza yote. Hawakukumbatiana, na Bi Janice anasisitiza niliandike hilo. Bi Edna alipokuwa anatoka alisema kwamba anafurahi kijana alifungwa, na anafurahi kwamba yeye mwenyewe hakudanganywa kuhusu kijana huyo.

Declan alitoka baada ya mwaka mmoja, nusu ya kifungo, kama sheria yetu inavyoruhusu. Alirudi kwenye vidonge mara moja, akaomba msaada mwenyewe, na sasa anaoka mikate katika mji mwingine. Bi Edna ana miaka themanini na mitatu. Kifundo humuuma kukiwa na baridi, na hapa kwetu baridi haina likizo.

Bi Janice amewafundisha maafisa wapya kumi na tisa, nami ni mmoja wao. Walionifuata, kila mmoja siku yake ya kwanza hupewa ukurasa wa nne wa kwanza, majina yakiwa yamefutwa, na kuambiwa atafute kosa. Hakuna aliyewahi kuliona. Ukurasa ule umeandikwa vizuri mno. Hapo ndipo huwaeleza ni wa nani, na huwa hasemi kwa kunong'ona.

Anastaafu ili akae na mumewe, Roy, dereva wa basi kwa miaka thelathini, ambaye kumbukumbu yake imeanza kumtoroka. Mwezi uliopita, katika jioni moja, Roy alimuuliza mara tatu kama bado anafanya kazi. Mara tatu Bi Janice akamjibu kwamba anastaafu Machi. Mara tatu Roy akasimama, akambusu, akampa hongera kwa furaha ya habari mpya, na mara zote tatu Bi Janice akamshukuru hivyohivyo.

Bi Janice, kwa stoo ya mifagio, kwa biskuti, na kwa kila mtu uliyemngoja amalize, ofisi nzima ya Hebbleworth inasema ahsante. Siku zenu ziwe nyingi na nyepesi, wewe na Roy. Nasi turuhusu tuwe wa mara ya nne: hongera, mama.