Bi. Tazuko Tokushige na Mikono Iliyosema Hospitali

Mama yetu mpendwa, Bi. Tazuko Tokushige, alizaliwa tarehe 9 Machi 1915 katika kambi ya mashamba ya miwa karibu na Hilo, Hawaii. Akiwa na miaka kumi na mitatu alipelekwa kwa bibi yake Kumamoto, Japani, akasome. Huko, pamoja na ushonaji, mwanamaji mmoja mstaafu alimfundisha Reiki, yaani kumwekea mgonjwa mikono na kusikiliza viganja vinasema nini. Alirudi Hilo mwaka 1936, ujuzi huo ukiwa bado mgeni visiwani.

Mwaka 1938 aliolewa na Baba, marehemu Genichi, fundi wa kiwanda cha sukari. Kila asubuhi, kama wanafunzi wote wa Reiki, alikutanisha viganja na kuahidi kwamba kwa leo hatakasirika. Baba alimtania, "Kwa leo, au mpaka Mama aamke?" Mama mkwe wake, Bibi Mitsue, mzazi wa Baba, aliishi nao, na ulimi wake ulikuwa wembe.

Wagonjwa walijaa sebuleni. Hata wakati wa vita, kila kitu cha Kijapani kikitiliwa shaka, aliwatibu pazia likiwa limeshushwa.

Novemba 1951 mimi Shinobu, kitinda mimba wake, nilishikwa na tumbo. Nilikuwa na miaka sita. Mama aliniwekea mikono, akaiondoa upesi.

"Huyu ni wa hospitali."

Bibi akaziba mlango. "We Tazuko, una wazimu? Watu wote hawa wanakutazama! Ukimkimbiza mwanao kwa daktari, nani atakanyaga hapa tena?"

"Asikanyage mtu. Nipishe, Mama."

"Weka mikono tena!"

"Nimeweka, na imeshaniambia. Nipishe, mtoto anakufa!"

Alinibeba mgongoni, akapita katikati ya wagonjwa bila kumwinamia hata mmoja kwa heshima, yeye aliyekuwa akiinamia hata watoto. Daktari alikuta kidole tumbo kimebakiza kidogo kipasuke.

Kweli, wagonjwa walikatika. Hakuna aliyegonga mpaka mwaka mpya, na Bibi alimnunia kabisa. Inaniuma mpaka leo kwamba yalimpata kwa ajili yangu. Halafu asubuhi moja Bibi mwenyewe alijilaza mkekani, uso kaugeuzia ukutani.

"Nina kitu kifuani. Shika. Ikisema hospitali, twende."

Walikwenda pamoja, kwa basi. Baada ya hapo, kwa kuona hata Bibi ameiamini mikono ile, watu walirudi, na wanafunzi wake wakaipeleka Reiki hadi bara la Amerika.

Mwaka jana figo zilianza kushindwa. Alifariki nyumbani tarehe 17 Februari 1994, wanafunzi wake wakiwa wamemwekea mikono.

Ameacha wana wawili, Kazuto na Isamu, wajukuu watano, na mimi. Miaka yote niliyoishi tangu siku ile ulinipa wewe, Mama. Sasa pumzika kwa amani.