Ng'ombe Ambao Hawakutajwa

Wasikilizaji wapendwa, nivumilieni leo. Daktari Evelina Luhaga, yule mama wa chanjo ya ng'ombe, hatunaye. Jamani, Evelina! Jumapili tulicheka naye hapa studio. Jumatano asubuhi lori liligonga pikipiki yake pale Igoma. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Evelina Luhaga amefariki dunia.

Miaka tisa alipambana na ugonjwa wa mapele ngozi. Ni virusi, husambazwa na nzi wanaouma. Ng'ombe huota manundu mwili mzima, maziwa yakakatika. Maabarani alichunguza manundu, vijijini alichanja. Wafugaji walipoona kauvimbe sindano ilipoingia, wakasema ndiye kaleta ugonjwa. Hakununa. Alirudi baada ya wiki kadhaa akamwambia mwenye ng'ombe, “Haya mzee, papasa. Uvimbe uko wapi?”

Ukali wake ulikuwa kwenye idadi tu. Chanjo ikishachanganywa, saa chache imeharibika, kwa hiyo alibeba ya kutosha ng'ombe uliowataja. Nasi Wasukuma mnatujua. Mtu hataji ng'ombe wake wote, eti ukiwahesabu unaita balaa.

Jumatatu, kule Magu, mzee mmoja alimwambia, “Arobaini, binti yangu.” Akachanja arobaini. Wengine thelathini na wanane walifichwa nyuma ya kilima. Jumanne mzee akapiga simu: mmoja wa waliofichwa kaota manundu. Ndiyo maana Jumatano Evelina alikuwa barabarani tena, na kasha lake la barafu.

Mumewe, Nestory, aliniambia nyumbani kwao Igogo: “Nilimsihi anywe chai kwanza. Akasema nzi hawasubiri chai.”

Wasikilizaji wapendwa, mzee yule ni baba yangu mzazi. Nimeona mlisikie kwangu, si kwa majirani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mbona safari hii kimemchukua asiyeficha kitu? Sielewi. Nimeshtuka mpaka sasa.

Pole sana Nestory, poleni watoto, poleni wenzake wa maabara. Nawe mfugaji unayenisikiliza, jiulize: ulipoulizwa, ulitaja wangapi?

Jana msibani baba alisimama mbele ya watu, kofia mkononi. Akasema kwa sauti, “Ninao sabini na wanane.” Nestory akamtazama, macho mekundu.

“Shikamoo mzee. Wale waliobaki wameshachanjwa?”

“Bado, mwanangu.”