Milango Mitatu ya Clavery Rugambwa

Wapendwa waombolezaji, kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya ndugu yetu Clavery Rugambwa, mchoraji, ambaye leo tunamzika hapa Pasiansi.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1927 huko Kanyigo, Bukoba, mtoto wa Mzee Cleophace, mkulima wa kahawa na migomba, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akasifika kwa mwandiko wake, na mwaka 1946 akavuka ziwa kwa meli kuja Mwanza kutafuta kazi.

Aliajiriwa na fundi wa mabango, na mwaka 1949 akatumwa kwenye jengo moja la wakoloni kuandika juu ya milango mitatu ya vyoo, wa kwanza Wazungu, wa pili Wahindi, wa tatu Waafrika, na alipotaka kuupaka ule wa tatu rangi ya kung'aa kama mingine, msimamizi alimkataza, akisema wenye mlango huo hawajui tofauti, naye akatii kwa kuwa alihitaji kazi, lakini kila alipolisimulia jambo hilo hakumtazama mtu usoni.

Tarehe 12 Septemba 1953 alifunga ndoa na Leonsia Kemilembe, wakajaliwa watoto wanne, mmoja akatangulia mbele za Bwana akiwa mchanga, waliobaki wako nasi hapa, mkubwa wao akiwa Teodora.

Katika maonyesho ya Saba Saba mwaka 1971, marehemu alisimamisha uwanjani milango mitatu yenye maandishi yale yale, yote ikiingia kwenye chumba kimoja cha turubai alimotundika picha ya mama yake, akawakaribisha watu wapite popote wapendapo, lakini miaka kumi baada ya Uhuru wazee walijipanga kwenye ule wa tatu bila kuambiwa, na Mzee Shimba wa Mkolani, aliposukumwa na wajukuu zake hadi mlango wa kwanza, alivua viatu, akavishika mkononi, akainama, ndipo akapita.

Ofisa mmoja alimjia akasema, "Ndugu Clavery, hayo yamekwisha, unatonesha kidonda bure," naye akamjibu, "Basi, ndugu yangu, mwambie yule mzee avae viatu vyake."

Milango ilivunjwa siku hiyo hiyo ikawa kuni, kazi za mabango ya ofisi zikakoma, marafiki wengine wakaanza kupita njia ya mbali, na kwa miaka iliyofuata marehemu alikaa uani akichora nyuso za wazee wale, huku mama Leonsia akiuza ndizi ili familia ipate kula.

Mwaka 1974 alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa, akaanza upya kwa wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza, hadi alipozidiwa na kufariki hospitalini alfajiri ya tarehe 11 Septemba 1975.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili, na tunalo ombi moja: marehemu alichora watu wengi lakini hakujichora kamwe, wala hatuna picha yake hata moja, hivyo aliye nayo, hata kama ameonekana kwa nyuma tu, atuletee, wajukuu wapate kumjua.

Clavery, umechoka, upumzike kwa amani.