Mzee Gugu wa Bigwa: Wasifu wa Marehemu Castory Anselmi Ligomba

Ndugu waombolezaji, mlioteremka kwa miguu kutoka Kinole na mlioshuka Msamvu alfajiri ya leo, poleni na safari. Aliyelala mbele yetu ni Castory Anselmi Ligomba. Baba Felista kwa mkewe, Mzee Gugu kwa nusu ya mji wa Morogoro. Mjane wake, Yustina, ametaka jina hilo la pili lielezwe leo, kisha lizikwe naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1946 huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, mtoto wa pili wa mzee Anselmi Ligomba. Alisoma kwa wamisionari wa huko huko hadi darasa la nane. Walimu walimsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa ubishi. Hesabu alikuja kuzisahau.

Alianza kazi katika shamba la mkonge karibu na Ngerengere mwaka 1966. Tarehe 5 Oktoba 1974 alifunga ndoa na Yustina katika kanisa la Matombo. Kwa kuwa Uluguruni ardhi hufuata upande wa mama, walijenga Bigwa kwenye kiwanja cha ukoo wa mke, na watani hawakuchoka kumwuliza yeye aliolewa kwa mahari gani. Aliwajibu, "Kwa jembe langu, na meno yangu yakiwa kamili."

Mwaka 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo mjini, idara ya maji. Kazi yake ilikuwa kuopoa majani yaliyoelea kwenye mabwawa ya kiwanda. Wenzake waliyaita magugu, wakayatupa. Castory aliyapenda. Yalifanana na kabichi changa, mizizi yake haikugusa udongo bali ilining'inia majini kama ndevu, na vifaranga vya samaki vilijificha humo.

Kiwanda kiliuzwa mwaka 1994. Wafanyakazi waliambiwa hayo ni mageuzi, soko ni huria, kila mtu ajitafutie. Castory alirudi nyumbani na ndoo ya yale majani. Alichimba mabwawa mawili nyuma ya nyumba, akayawekea kivuli cha makuti upande mmoja, akayalisha maji ya samadi kidogo kidogo. Kila wiki aliyapunguza, maana yakibanana huoza. Mfereji alioutoa kijitoni aliuzungusha mara mbili ili maji yaingie kwa upole. "Maji yakikimbia, haya hayakai," alisema.

Wateja walipatikana. Wenye nyumba mpya za Dar es Salaam walitaka mabwawa ya bustani na matangi ya samaki sebuleni. Castory aliyafunga majani kwa magazeti yaliyolowana, akayapakia basini Msamvu. Watoto wao, Felista na Jonathan, walisomeshwa na mabwawa hayo.

Kosa lake lilikuwa kibao. Alikiweka barabarani, kimeandikwa MAGUGU YA MAJI YANAPATIKANA HAPA. Yustina alimsihi, "Baba Felista, andika maua. Nani atanunua gugu?" Akajibu, "Gugu ndilo jina nililolikuta nalo. Silibatizi mimi." Alicheka, na kibao kikabaki.

Kisha redio ikaanza kutangaza habari za gugu maji lililovamia Ziwa Victoria. Mwezi Machi 1998 walifika mabwana wanne wa serikali na gari. Castory aliwaambia, kwa heshima, kwamba lile la ziwani ni jingine, lina maua ya zambarau. Mkubwa wao alinyoosha kidole barabarani. "Mzee, kibao umeandika mwenyewe?" Akakiri. Waling'oa yote, wakayachoma, wakaagiza mabwawa yafukiwe. Ndoo moja waliondoka nayo, wakisema ni ushahidi. Yustina alisimama mlangoni hadi vumbi la gari likatulia.

Mwaka uliofuata, mmoja wa mabwana wale alifungua nyumba ya wageni mjini. Mbele yake kulikuwa na bwawa la samaki. Castory alipita hapo akitoka Msamvu, akakuta majani yake yameshamiri, na kibao kidogo: TAFADHALI USIGUSE MAUA. Alirudi nyumbani, akamsimulia mkewe, akaomba chai, hakuinywa. Familia haitamtaja bwana yule, kwa kuwa hapa ni msibani. Lakini uchungu upo, na Yustina amekataa tuseme haupo.

Tangu hapo marehemu hakuchimba tena. Presha ilimwanza mwaka 2000, moyo ukafuata, na mwezi Mei mwaka huu, 2001, alilazwa. Jioni ya mwisho alimshika mkewe mkono. "Mama Felista, yale maua yangu umeyapunguza?"

Miaka yote ile hakuwahi kuyaita maua. Yustina akamjibu, "Nimeyapunguza, baba. Maji yametulia." Nyuma ya nyumba kulikuwa na udongo mkavu na mahindi ya jirani. Castory alifariki usiku huo, tarehe 9 Juni.

Ameacha mjane, Yustina, watoto wawili, Felista na Jonathan, wajukuu watatu, dada yake Editha wa Mahenge, na watani wa Bigwa, ambao leo wameombwa kuchagua jina jingine la kumtania.

Aliyaita maua, nasi tumesikia. Mungu amlaze Castory penye maji yasiyokimbia, apumzike kwa amani. Amina.