Marehemu Taberannang Iotebwa, Aliyesema Betio Imejaa

Mchungaji, wazee wa mji, na ninyi majirani mliosimama hadi barabarani kwa kuwa uani hapatoshi, poleni kwa msiba. Familia imenituma mimi Tiimon, mkwe wa marehemu, nisome historia ya maisha yake, na kabla sijaanza nawaomba msiyatazame sana majembe yale yaliyoegemezwa kwenye tangi, kaburi bado halijachimbwa, mahali pa kulichimba hapajapatikana, na sababu yake imo humu humu katika historia.

Marehemu Taberannang Iotebwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 huko Nonouti, kisiwa chenye ardhi ya kutosha na minazi ya kutosha, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Iotebwa na mkewe Nei Kabiri, akabatizwa, akasoma shule ya misheni ya hapo kijijini kuanzia mwaka 1956 hadi 1962, na walimu wake walimsifu kwa hesabu, hasa za kujumlisha, kutoa hakukuwa fani yake.

Tarehe 2 Februari 1963 alishuka bandarini hapa Betio kutoka kwenye meli ya kopra, mkeka kwapani, bila kualikwa na mtu, akaenda moja kwa moja kwa Nei Maria, binamu wa mama yake, ambaye nyumba yake ilikuwa tayari na watu kumi na mmoja, akaomba pa kulala. Kwetu ombi la ndugu, yaani bubuti, halikataliwi, ukilikataa aibu inawafuata hadi wajukuu wako, kwa hiyo Nei Maria alisema tu, "Sogeeni kidogo jamani, kaka yenu amefika," wakasogea, naye akalala hapo miaka kumi na moja, na hakuna aliyepata kumsikia akisema asante.

Mji wenyewe mnaujua, ni kipande cha matumbawe ambamo hata mlevi hawezi kupotea. Wakoloni walituletea ofisi na bandari, vita vya mwaka 1943 vikatuachia mizinga yenye kutu ambayo leo tunaanikia nguo, halafu watu wakaanza kuja kutoka kila kisiwa kufuata kazi, shule na daktari, waliofika wakawaita wenzao, walioitwa wakaomba, walioombwa wakasogea, na hivyo ndivyo Betio ilivyojengwa, kwa kusogea, mpaka mapaa yanagusana na ukikohoa kwako jirani anakuambia pole. Watu maelfu kwa maelfu wanaishi hapa kwa sababu kuna mtu aliwapisha, na marehemu alikuwa mmoja wao, ingawa habari hiyo haikupata kumfikia.

Mwaka 1968 aliajiriwa na halmashauri ya mji, akaanza kama tarishi na kustaafu mwaka 2004 akiwa mkaguzi wa visima, kazi iliyompa kofia, baiskeli na ruhusa ya kuchungulia nyua za watu. Alikuja kupima kisima, akahesabu vichwa bila kutumwa, akawauliza wenye nyumba, "Hawa wote wanatafuta nini hapa? Kwao hakuna minazi?" Kila mkutano wa mji ulipokaa katika maneaba, ukumbi wetu, alisimama kutangaza kwamba Betio imejaa na wageni warudi walikotoka, na siku moja Nei Maria, wakati huo bibi asiye na jino hata moja, akamwuliza kutoka mkekani, "Na wewe mwanangu, boti lako linaondoka lini?" watu wakacheka hadi wakamwaga chai, yeye akaendelea na hotuba. Nyani haoni kundule.

Kuhusu bubuti alikuwa na dawa yake. Akimwona ndugu anakuja na uso wa shida, humwahi mlangoni, "Afadhali umefika, ndugu yangu, nilikuwa njiani kuja kwako kuomba mchele," na yule aliyekuja kutafuta mchele akarudi kwake kuchota ule kidogo aliobakiza, akauleta. Watu walijifunza kupita njia nyingine, naye akajisifu kwamba nyumba yake ina utulivu.

Tarehe 9 Novemba 1974 alimwoa Nei Teretia Bwakieta, wakajaliwa watoto wawili, Mareko, ambaye yuko Australia akichuma matunda na ametuma salamu kwa simu, na Kaue, mke wangu. Marehemu hakuoa mke tu, alioa na kiwanja, maana hapa tulipo hapakuwa pake hata siku moja, ni kwa Mzee Bwakieta, baba yao Nei Teretia na kaka yake Bwana Uriam, huyu aliyekaa chini ya mshelisheli na kuligeuzia jeneza mgongo.

Mwaka 1994 Bwana Uriam alirudi baada ya miaka tisa ya ubaharia katika meli za Wajerumani, akiwa na mkewe na watoto wanne, baba yake ameshafariki, akamkuta marehemu mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia, "Pole na safari, shemeji, lakini Betio imejaa." Nei Teretia alikuwa anakaanga samaki, akafungua mdomo aseme, mumewe akamwambia aangalie samaki wasiungue. Bwana Uriam akajenga banda la mbao za kuokota kule ukingoni, ambako maji makuu ya bahari huingia hadi chini ya mkeka, na tarehe 11 Februari 1996 binti yake mdogo, Akoia, akafa kwa kuhara, baba mtu akaja kuomba mtoto alazwe karibu na kaburi la babu yake, hapo kati ya jiko na tangi. Marehemu alivaa kwanza kofia ya kazi, kisha akamjibu kwamba kisima kingechafuka. Mtoto akazikwa mbali, upande ambao bahari imeshaula, na familia haina neno la kulipamba jambo hilo, ni uovu, basi.

Mwaka 2003 mahakama ya ardhi ilimrudishia Bwana Uriam kiwanja, naye badala ya kututupa nje alisema dada yake abaki.

Marehemu alianza kuugua kisukari mwaka 2011, akakatwa mguu wa kulia tarehe 6 Agosti 2017, na tangu hapo Nei Teretia alimbeba, akamwogesha na kumlisha, huku yeye akikaa mlangoni kuwalalamikia wapita njia kwamba wanazidi. Alifariki Jumanne, tarehe 17 Mei 2022. Jana wazee walikwenda kwa Bwana Uriam kuomba mahali pa kumzika, akawajibu, "Betio imejaa," na hakuna aliyepata uso wa kumlaumu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maradhi yake na ulimi wake, majirani mlioleta mchele, samaki na mikeka kwa mtu ambaye hakuwapa hata chumvi, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri, waliokuja kuomboleza na waliokuja kuhakikisha.

Limebaki moja. Bwana Uriam, hatukuombi kwa ajili ya marehemu, aibu tunayo. Anayeomba ni dada yako, ambaye miaka arobaini na saba hakukuomba kitu, kwa kuwa mumewe alimkataza kuomba asije naye akaombwa. Nasema kwa niaba yake, hii ni bubuti yake ya kwanza, futi sita kati ya jiko na tangi. Boti la Nonouti linaondoka na maji ya jioni, ukikataa jeneza litapanda, na Nei Teretia amesema atapanda nalo na hatarudi tena. Hapo mji utakuwa umepata nafasi ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni yeye.

Marehemu, ngoja kidogo, wenye nyumba wanazungumza. Ukipewa mahali, pumzika kwa amani.